Wakrii wa Kanada: elimu yao inapanda au wanazidi kuachwa nyuma?

Swali: Mimi ni Mtanzania, mwalimu msaidizi katika shule moja ya sekondari hapa Winnipeg, Kanada. Wanafunzi wetu wengi ni Wakrii, mojawapo ya jamii za watu wa asili wa Kanada, waliotoka vijiji vya kaskazini. Kwenye semina tuliambiwa kwamba elimu ya watu wa asili inapanda mwaka hadi mwaka. Wiki iliyofuata mwalimu mwenzangu akanionyesha ripoti inayosema ni robo tu ya wanafunzi wanaomaliza sekondari kwa wakati. Nimwamini nani? Tena nina kijana mmoja, ana miaka 20 na bado yuko darasa la 11. Nasikia walimu wakisema, "Huyo basi tena." Ni kweli?

Jibu: Dada yangu, waamini wote wawili. Takwimu zote mbili ni za kweli, ila haziwahesabu watu walewale. Mmoja alihesabu watu wazima waliotawanyika nchi nzima, mwingine alihesabu watoto wa shule walioko kwenye ardhi zilizotengwa kwa ajili ya jamii za asili, zile wanazoziita rezavu. Kuhusu kijana wako, jibu langu ni hapana, na nitakueleza kwa nini, lakini lazima tupitie hizo hesabu kwanza.

Semina yenu, kwa jinsi ulivyoieleza, ilitegemea sensa. Sensa ya Kanada ikitoa taarifa za elimu huwaangalia zaidi watu wa miaka 25 hadi 64. Mwaka 2006, kati ya watu wa asili wa umri huo, wenye shahada ya kwanza au zaidi walikuwa asilimia 7.7. Mwaka 2016 wakafika 10.9, na mwaka 2021 wakafika 12.9. Ukijumlisha na vyeti vya ufundi na stashahada za vyuo, karibu nusu yao, asilimia 49.2, walikuwa na cheti fulani cha baada ya sekondari mwaka huo wa 2021. Hilo si jambo dogo. Ni maelfu ya walimu, wauguzi, mafundi umeme, wanasheria na maofisa wa serikali za vijiji ambao kizazi kilichopita hawakuwepo.

Sasa weka pembeni yake Kanada nzima. Mwaka 2006 wenye shahada walikuwa kama asilimia 23 ya watu wazima. Mwaka 2021 walikuwa 32.9. Pengo lililokuwa la pointi 15 hivi limekuwa la pointi 20. Watu wa asili wamepanda, na wakati huohuo wameachwa mbali zaidi. Sababu moja inatugusa sisi wahamiaji: Kanada huchagua wageni wengi kwa mfumo wa alama, na shahada huleta alama nyingi. Kila ndege inayotua na wahandisi na wahasibu kutoka Lagos, Nairobi au Manila inasukuma wastani wa taifa juu. Mtoto wa Norway House, kijiji cha Wakrii katika mkoa wetu huu wa Manitoba, anapimwa kwa kipimo ambacho kila mwaka kinasogezwa na watu waliosomeshwa nje ya nchi yake. Ndiyo maana mimi nikisoma takwimu hizi huuliza kwanza kama yeye amemzidi mzazi wake, kabla ya kuuliza kama amemfikia jirani.

Kuna tahadhari mbili kuhusu sensa ambazo waendesha semina huziruka. Ya kwanza, taarifa zake kuu haziwatoi Wakrii peke yao. Zinawaweka pamoja na watu wengine wa Mataifa ya Kwanza, jina la jumla la jamii za asili kama Wakrii, au hata na Wameti, wenye asili ya mchanganyiko na Wazungu, na Wainuiti wa kaskazini ya mbali. Wakrii ni kundi kubwa kuliko yote ndani ya Mataifa ya Kwanza. Mwaka 2016 watu zaidi ya 350,000 walitaja asili ya Kikrii, kuanzia Alberta hadi pwani ya James Bay upande wa Quebec. Kwa hiyo takwimu za jumla zinawaeleza kwa kiasi kikubwa, lakini zinafuta tofauti kati ya kijiji na kijiji. Ya pili, kila sensa watu wengi zaidi wanajitambulisha kuwa watu wa asili, hasa mijini, na wengi wao tayari wamesoma. Wastani unapanda kwa sababu hesabu imepata watu wapya, hata kama kwenye rezavu hakuna aliyeongeza darasa. Halafu zipo rezavu 63 ambazo sensa ya 2021 haikuzihesabu kikamilifu.

Nije kwenye ripoti ya mwenzako. Bila shaka ni ile ya Mkaguzi Mkuu wa Kanada ya mwaka 2018, na ningependa kila mwalimu aielewe. Wizara iliyohusika na watu wa asili ilikuwa ikitangaza kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa rezavu, wastani wa asilimia 46, wanamaliza sekondari. Wakaguzi walipofungua madaftari wakakuta wizara ilihesabu tu wale waliofika darasa la 12, la mwisho la sekondari. Chukua mfano: watoto 100 wanaingia darasa la 9. Njiani 48 wanaacha. Wanaofika darasa la 12 ni 52, na kati yao 24 wanapata cheti. Ukigawanya 24 kwa 52 unapata 46. Ukigawanya kwa 100 walioanza, unapata 24. Wale 48 wa katikati walifutwa kwenye hesabu kana kwamba hawakuwahi kuandikishwa. Jibu la wakaguzi likawa asilimia 24, mmoja katika kila wanne, kwa muda wa kawaida wa miaka minne. Miaka 14 kabla ya hapo, mwaka 2004, ofisi hiyohiyo ilikadiria kwamba kwa mwendo uliokuwepo ingechukua miaka 28 kuziba pengo la sekondari kati ya rezavu na nchi nzima. Mwaka 2011 ikarudi na kusema pengo linapanuka.

Kwa nini? Utasikia mengi kwenye chumba cha walimu, kwamba wazazi hawajali, kwamba utamaduni wao hauthamini kitabu. Hili la mwisho halina msingi kabisa, na mahali pazuri pa kuliona ni Norway House, kaskazini mwa ziwa Winnipeg, ambako huenda baadhi ya wanafunzi wako wanatoka. Mwaka 1840 hapo mmisionari James Evans alichapisha maandishi ya Kikrii kwa alama za silabi. Wakrii wenyewe wana simulizi kwamba maandishi hayo walipewa wao. Vyovyote iwavyo, yalisambaa kutoka mkono hadi mkono, kambi hadi kambi, yakiwatangulia wamisionari. Watu waliandika kwa makaa kwenye magome ya miti, wakaachiana barua kwenye njia za mitumbwi. Wakati huo hapakuwa na shule kwenye kambi hizo. Waliojua walifundisha wasiojua, basi.

Mwaka 1875 Mkataba wa 5 ulitiwa saini, na Norway House ilikuwa mojawapo ya mahali ulipotiwa saini. Ndani yake serikali iliahidi shule kwenye rezavu. Wazee waliitaka shule. Mwaka mmoja baadaye ikaja Sheria ya Wahindi ya 1876 ("Wahindi" ndivyo serikali ilivyowaita watu wa asili), iliyosema kwamba mtu wa Mataifa ya Kwanza akipata shahada ya chuo kikuu, au akiwa daktari au mwanasheria, papo hapo anaondolewa hadhi yake kisheria na kuhesabiwa raia wa kawaida. Kusoma kukawa njia ya kutoka nje ya jamii yako. Kifungu hicho kililegezwa baadaye, lakini ujumbe ulishafika.

Halafu zikaja shule za bweni. Hapa inabidi nikuombe uweke kando picha uliyo nayo. Kwetu bweni ni heshima. Mtoto akichaguliwa kwenda Kilakala au Ilboru ukoo mzima unachangia tranka. Kule, kuanzia 1920, sheria ilimpa ofisa wa serikali mamlaka ya kumchukua mtoto, na mzazi aliyekataa aliadhibiwa. Kikrii kilikatazwa. Nusu ya siku katika shule nyingi ilikuwa kazi ya shamba, kufua na kupika. Watoto wapatao 150,000 wa jamii zote za asili walipita huko. Wengine hawakurudi, na shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Kwa hiyo bibi wa mwanafunzi wako, na pengine mama yake, walisoma humo. Mzazi asipofika kwenye kikao chenu, jua kwamba jengo la shule lina maana nyingine kwake. Julai 2022 Papa Fransisko alikwenda Maskwacis, nchi ya Wakrii wa Alberta, palipokuwa na mojawapo ya shule kubwa za aina hiyo, akaomba radhi.

Hata baada ya bweni kuanza kufungwa, sekondari haikufuata vijijini. Mtoto alitakiwa kuhama. Helen Betty Osborne alitoka Norway House kwenda mji wa The Pas kwa ajili hiyo. Alitaka kuwa mwalimu. Novemba 1971, akiwa na miaka 19, wanaume weupe walimteka barabarani na kumuua, na ilichukua miaka 16 kabla mtu yeyote hajahukumiwa. Leo shule ya Norway House, inayofundisha kuanzia watoto wadogo hadi darasa la 12, ina jina lake. Lakini bado wapo Wakrii wa vijiji vidogo wanaopanda ndege wakiwa na miaka 14 kwenda kukaa na familia wasiyoijua mjini. Angalia darasani kwako ni wangapi wanalala kwa watu. Takwimu za kuacha shule zina sura hiyo kuliko sura ya uvivu.

Mabadiliko yalipokuja, hayakuanzia Ottawa, kwenye serikali kuu. Mwaka 1970 Wakrii na Wadene, jamii nyingine ya asili, waliingia kwenye shule ya bweni ya Blue Quills, Alberta, wakakaa humo wakikataa kutoka mpaka wakabidhiwe. Walikabidhiwa, ikawa shule ya kwanza ya aina hiyo nchini kuendeshwa na watu wa asili wenyewe. Sasa ni chuo kikuu. Mwaka 1972 chama cha taifa cha Mataifa ya Kwanza kilitoa waraka wa kudai usimamizi wa elimu yao. Mwaka 1976 kikaanzishwa chuo huko Regina ambacho leo kinaitwa First Nations University of Canada. La Ronge, Saskatchewan, ukaanzishwa mpango wa kufundisha walimu hukohuko kaskazini, bila kuwahamishia kusini. Ulitoa mamia ya walimu waliobaki vijijini, jambo ambalo hakuna posho ya mazingira magumu imewahi kulifanikisha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Wakrii wa Quebec. Serikali ilipotaka kujenga mabwawa ya umeme juu ya ardhi yao, walipigana mahakamani na mezani mpaka ukatiwa saini mkataba wa Novemba 1975. Sura nzima ya mkataba huo ni ya elimu. Kutokana nayo, mwaka 1978 ilizaliwa bodi yao ya shule, yenye makao makuu Mistissini na inayohudumia vijiji tisa. Bodi hupanga kalenda, huajiri, huamua lugha ya kufundishia, na huwalipia vijana wao vyuo na vyuo vikuu huko Montreal na Gatineau.

Kalenda ile inafaa kutazamwa kwa karibu. Mwishoni mwa Aprili, theluji inapoanza kulainika na bata bukini wanaporudi kutoka kusini, shule za vijiji vyote hufungwa kwa takribani wiki mbili. Familia huenda kambini. Mtoto wa miaka saba anajifunza kukaa kimya kwenye kibanda cha kuvizia, wa miaka kumi na miwili ananyonyoa na kupasua, bibi anawaning'iniza bata juu ya moto kwa kamba inayozunguka yenyewe mpaka mafuta yaishe kudondoka. Kwingineko mtoto huyohuyo angeandikwa mtoro siku kumi. Kule hajakosa hata kipindi kimoja. Hapo tu, kabla hujagusa mtaala, umeshaondoa sababu mojawapo ya mtoto kujiona yuko vitani na shule.

Kuanzia 1993 walijaribu pia kufundisha madarasa ya mwanzo kwa Kikrii, wakaanzia Chisasibi na Waskaganish. Mjadala uliofuata ungeweza kufanyika Dodoma bila kubadilisha neno: wazazi wengine waliunga mkono, wengine wakalalamika kwamba mtoto akihamia Kiingereza au Kifaransa anayumba. Sitakudanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Baada ya miongo yote hiyo, wanaomaliza sekondari katika vijiji hivyo bado ni wachache kuliko wastani wa Quebec, na walimu wa kutoka kusini bado wanakuja na kuondoka. Usimamizi wa mwenyewe hauzai matokeo kwa miaka mitano. Lakini angalia wanaoendesha vijiji vile sasa, ofisi za ardhi, afya, fedha, mahakama. Romeo Saganash, mzaliwa wa Waswanipi aliyepelekwa shule ya bweni akiwa mtoto, alimaliza shahada ya sheria mwaka 1989 na kuwa Mkrii wa kwanza Quebec kufanya hivyo. Baadaye aliingia bungeni.

Kilichowatenganisha Wakrii wa Quebec na wenzao wa mikoa mingine ni fedha. Fedha zao zimeandikwa kwenye mkataba. Wenzao, Ontario, Manitoba na magharibi, walitegemea bajeti ya serikali kuu, na mwaka 1996 serikali iliweka ukomo: nyongeza ya fedha za jamii za Mataifa ya Kwanza isizidi asilimia 2 kwa mwaka. Watoto walikuwa wakiongezeka kwa kasi kuliko hapo, na bei pia. Ukomo huo ulidumu hadi 2016, miaka 20. Ulihusu hata fedha za chuo, kwa hiyo kijana angeweza kupokelewa chuo kikuu na kuambiwa na ofisi ya kijiji chake asubiri foleni.

Attawapiskat, kijiji cha Wakrii upande wa Ontario wa James Bay, kinaonyesha hali hiyo bila maelezo mengi. Mwaka 1979 dizeli ilivuja chini ya shule ya msingi. Watoto waliendelea kusomea hapo huku wakiumwa vichwa na kichefuchefu. Shule ikafungwa mwaka 2000, wakahamishiwa kwenye vibanda vya muda. Vibanda vikachakaa, milango haikufungika, wakavaa makoti darasani. Msichana wa darasa la 8, Shannen Koostachin, aliongoza wenzake kuwaandikia viongozi, na mwaka 2008 akaenda Ottawa kumwambia waziri uso kwa uso kwamba hawataacha kudai. Alilazimika kwenda mbali na nyumbani kutafuta sekondari nzuri, akafa kwa ajali ya gari mwaka 2010 akiwa na miaka 15. Februari 2012 bunge lilipitisha kwa kauli moja hoja iliyobeba jina lake. Shule ilifunguliwa 2014. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza kwenye vibanda mwaka 2000 alikuwa na miaka 20 siku hiyo. Kila nikiambiwa kwamba vijana wa rezavu hawamalizi kwa wakati, huwa namfikiria huyo.

Na hapa ndipo tunarudi kwa kijana wako. Takwimu za "kwa wakati" hupima miaka minne. Hapa Manitoba wanafunzi wa asili wanaomaliza ndani ya miaka minne ni takribani nusu, wenzao wengine ni kama tisa katika kumi. Ukiwapa miaka sita, idadi ya wa asili inaongezeka. Na ukienda kwenye sensa, utakuta watu wengi wenye vyeti walivyopata wakiwa na miaka 25, 30, hata 40, hasa wanawake, ambao wamewatangulia wanaume katika karibu kila ngazi. Njia ya kawaida ya msomi wa Kikrii mara nyingi ni hii: aliacha, akazaa au akafanya kazi, akarudi. Zile asilimia za sensa zinazopanda zimejengwa kwa kiasi kikubwa na watu wa namna hiyo, watu ambao walimu fulani walishawasema "basi tena".

Kisheria, Manitoba inampa kijana haki ya kusoma sekondari hadi miaka 21, kwa hiyo hakuna anayemfadhili kwa kumwacha akae. Akipita hapo, kuna vituo vya elimu ya watu wazima ambavyo havitozi ada kwa masomo ya sekondari. Na kuna cheti cha sekondari cha watu wazima, kuanzia miaka 19: cheti cha kawaida kinahitaji kredi 30, yaani hesabu ya masomo aliyofaulu, hiki kinahitaji angalau kredi 8, nne kati yake zikiwa za darasa la 12, na zile alizokwishapata zinaweza kuhesabiwa. Kina masharti yake, lakini vyuo vinakitambua. Akitaka kurudi kaskazini, chuo kikuu cha huko kina matawi vijijini, Norway House ikiwemo.

Kama una mwanafunzi mdogo zaidi anayekwama kwa sababu ya kusikia, kuona, kusema au kuhitaji msaidizi darasani, uliza kuhusu Kanuni ya Jordan. Imepewa jina la mtoto wa Norway House, Jordan River Anderson, aliyefariki 2005 akiwa hospitalini kwa sababu serikali kuu na ya mkoa zilikuwa zikibishana nani alipie huduma za nyumbani. Inasema mtoto ahudumiwe kwanza, wao wadaiane baadaye. Huduma za shule zilikuwemo, ila mwaka 2025 serikali kuu ilibana maombi ya shule zilizo nje ya rezavu, kwa hiyo uliza kwanza.

Kwa huyo wa miaka 20, nenda naye kwa mshauri wa masomo wiki hii, wewe mwenyewe, usimtume peke yake. Jambo la kwanza la kuuliza ni kredi ngapi tayari anazo. Mara nyingi ni nyingi kuliko anavyodhani.